Kutoka Ishtar hadi Asis: Miungu ya Kike ya Kale na Somo Lake kwa Historia ya Abagusii

Msomaji wa Biblia katika Mosocho, eneo la Kitutu katika nchi ya Abagusii ya Kenya, lililo kando ya barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Kisumu, hukutana na jina la Ashtorethi katika sehemu chache lakini nzito za Agano la Kale. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, Wafilisti wanaziweka silaha za Mfalme Sauli katika hekalu lake baada ya mfalme huyo kufa vitani. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, Sulemani analaumiwa kwa kumfuata mungu huyo wa Wasidoni wakati wa uzee wake. Na katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, Mfalme Yosia anapanajisi mahali pa juu palipojengwa kwa ajili yake karibu na Yerusalemu. Kwa kuwa kila anapotajwa anatajwa na watu waliompinga, msomaji hubaki na jina tupu, bila kujua mungu huyo wa kike alitokea wapi, aliabudiwa na nani, wala kwa nini mataifa mengi kiasi hicho yalimpenda.

Jina hilo lilifika katika vilima vya Gusii pamoja na wamisionari. Waadventista wa Sabato, waliokuwa wameanzisha kituo chao cha kwanza katika nchi ya Wajaluo huko Gendia mwaka 1906, na Wakatoliki wa Shirika la Mill Hill, walifungua vituo vya Nyanchwa na Nyabururu, vyote viwili karibu na mji wa Kisii, kati ya mwaka 1911 na 1913. Tangu hapo vizazi kadhaa vimelelewa na kitabu kinachowataja Ashtorethi, Ashera, Tamuzi na Malkia wa mbinguni, na si ajabu kwamba watu wamejaribu kuwaunganisha hao na mambo ya kwao. Hoja mbili hasa zimepata wasikilizaji. Ya kwanza husema kwamba heshima yoyote anayopewa mwanamke katika ibada, popote duniani, ni mabaki ya ibada ya Ishtar wa Babeli. Ya pili husema kwamba, kwa kuwa Abagusii wana simulizi ya kutoka Misri, dini yao ya kale haina budi kuwa tawi la dini za Mashariki ya Kati. Hoja hizo zina kasoro moja, nayo ni kuuchukua mfanano kuwa undugu. Historia ya mungu huyu wa kike inaonyesha kwamba majina ya miungu husafiri kweli, lakini husafiri kwa njia zinazoacha alama, na pasipo na alama mtafiti mwaminifu hana budi kusimama.

Malkia wa Uruk

Chanzo cha mbali kabisa kinachoweza kufuatwa kwa maandishi kiko kusini mwa Iraki ya leo, katika mji wa Uruk, ambao Biblia inauita Ereku. Huko Wasumeri, taifa ambalo lugha yao haikuwa ya Kisemiti, walimwabudu Inanna katika eneo takatifu lililoitwa Eanna tangu milenia ya 4 KK. Chombo maarufu cha jiwe kutoka mji huo, kilichochongwa takriban miaka 5,000 iliyopita, kinaonyesha kwa mistari iliyopandana maji, mimea ya nafaka, kondoo, wanaume wanaobeba vikapu vya mazao, na juu kabisa sadaka ikipokelewa na mwanamke aliyesimama mbele ya matita mawili ya matete, ambayo ndiyo ishara ya Inanna. Chombo hicho kiliibwa katika Jumba la Makumbusho la Iraki wakati wa vita vya mwaka 2003 na kurudishwa miezi michache baadaye kikiwa vipande.

Wasemiti, yaani watu wa jamii ya lugha inayojumuisha Kiakadi cha kale, Kifoinike, Kiebrania, Kiaramu, Kiarabu na Kiamhari, waliishi bega kwa bega na Wasumeri, nao walikuwa na mungu wao wa kike aliyeitwa Ishtar. Sargoni wa Akadi alipoziunganisha nchi hizo chini ya utawala wake katika karne ya 24 KK, miungu hiyo miwili iliendelea kuunganishwa mpaka ikawa mmoja mwenye majina mawili. Binti yake Sargoni, Enheduanna, aliyekuwa kuhani mkuu wa mungu wa mwezi katika mji wa Uru, anahusishwa na tenzi za kumsifu Inanna, na kwa sababu hiyo wataalamu wengi humhesabu kuwa mtunzi wa kwanza duniani ambaye jina lake limehifadhiwa.

Ishtar hakuwa mungu wa jambo moja. Alihusishwa na mapenzi na uzazi, lakini pia na vita. Ishara zake zilikuwa simba na nyota yenye ncha nane, kwa maana aliaminika kuonekana angani katika sayari ya Zuhura, ile nyota inayong'aa alfajiri na jioni. Masimulizi yaliyoandikwa kwa mwandiko wa kikabari, yaani alama zilizokandamizwa kwa unyasi katika vibao vya udongo, yanaeleza jinsi alivyoshuka kuzimu akivuliwa pambo moja katika kila mlango kati ya milango saba, na jinsi mpenzi wake Dumuzi alivyotolewa kuchukua nafasi yake huko. Dumuzi huyo ndiye Tamuzi, ambaye nabii Ezekieli anawaona wanawake wakimlilia kwenye lango la hekalu la Yerusalemu, jambo linaloonyesha kwamba kilio hicho kilikuwa kimedumu zaidi ya miaka 1,000 na kuvuka mipaka ya lugha kadhaa.

Hata katika nchi moja, Ishtar alikuwa na sura nyingi kulingana na mji. Ishtar wa Ninawi na Ishtar wa Arbela, mji ambao leo ni Erbil katika Iraki, walitajwa katika mikataba ya wafalme kana kwamba ni wawili. Yule wa Arbela alijulikana hasa kwa unabii, na maktaba ya kifalme ya Ninawi imehifadhi maneno ya manabii wake, wengi wao wanawake, waliomtia moyo Mfalme Esarhadoni wa Ashuru katika karne ya 7 KK. Huko Babeli, Mfalme Nebukadneza wa Pili alijenga mapema katika karne ya 6 KK lango la matofali ya buluu lililopewa jina la mungu huyo, na sehemu yake iliyokusanywa upya ilianza kuonyeshwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1930.

Ashtorethi si Ashera

Upande wa magharibi, katika pwani ya Siria, Lebanoni na Palestina ya leo, mungu wa jina hilohilo aliitwa Athtart au Ashtart, na Wagiriki wakamwita Astarte. Umbo la Ashtorethi linalosomwa katika Biblia linaelezwa na wataalamu wengi kuwa jina lile lile lililotiwa irabu za neno la Kiebrania lenye maana ya aibu, ili msomaji asilitamke kwa heshima. Wasidoni wenyewe hawakuona aibu yoyote. Jeneza la Tabnit, mfalme wa Sidoni wa takriban mwaka 500 KK, lililochimbuliwa mwaka 1887, linamtaja kuwa kwanza ni kuhani wa Ashtart na baadaye ndipo mfalme. Mkewe naye, Amoashtart, alikuwa kuhani wa mungu huyohuyo.

Kosa moja la kawaida ni kumchanganya Ashtart na Ashera. Mkanganyiko huo ulipata tiba kuanzia mwaka 1929, pale wachimbaji wa Ufaransa wakiongozwa na Claude Schaeffer walipoanza kuufukua mji wa Ugarit katika pwani ya Siria na kukuta vibao vya karne ya 14 na 13 KK. Katika vibao hivyo Athirat, ambaye ndiye Ashera wa Biblia, ni mke wa El, mkuu wa miungu, naye ni mama wa miungu wengine. Anat ni msichana shujaa wa vita. Athtart ni mwenzi wa Baali. Na Shapash ni jua lenyewe, mungu wa kike ambaye kwa kuwa anaona kila kitu hutumwa kupeleka ujumbe na kuamua mashauri. Kwa Wababeli, ambao nao walikuwa wasemaji wa lugha ya Kisemiti, jua liliitwa Shamash na lilikuwa la kiume. Tofauti hiyo ni ya kuzingatiwa sana, kwa sababu inaonyesha kwamba hata ndani ya ukoo mmoja wa lugha, jambo lile lile la angani liliweza kuwa la kike kwa taifa moja na la kiume kwa taifa lingine.

Suala la Ashera limekuwa na uzito wa pekee katika historia ya Israeli. Katika miaka ya 1975 na 1976, uchimbaji wa Kuntillet Ajrud, kituo cha jangwani kaskazini mashariki mwa Sinai, uliibua mitungi yenye maandishi ya takriban mwaka 800 KK ambayo yanatoa baraka kwa jina la Yahwe pamoja na Ashera wake. Wataalamu wamebishana kama neno hilo hapo lina maana ya mungu wa kike au nguzo ya mti iliyokuwa ishara yake, lakini ubishi huo hauondoi jambo lililo dhahiri, kwamba vita vya manabii dhidi ya Ashera vilipiganwa ndani ya nyumba zao wenyewe. Yeremia naye anaeleza jinsi familia nzima zilivyoshiriki ibada ya Malkia wa mbinguni, watoto wakiokota kuni, baba wakiwasha moto na wanawake wakikanda unga wa mikate. Na wanawake waliokimbilia Misri walimjibu nabii waziwazi kwamba walipokuwa wakimtolea sadaka hawakuwa na njaa, na walipoacha ndipo shida zilipowapata. Jibu hilo linaeleza kuliko maelezo mengine yoyote kwa nini mungu huyo alipendwa: alihusishwa na chakula cha kila siku.

Jinsi jina lilivyovuka mipaka

Njia ambazo mungu huyo alipitia kwa majirani zinaweza kutajwa moja moja, kwa kuwa kila moja ina ushahidi wake. Ya kwanza ni diplomasia. Katika barua za Amarna, yaani vibao vya mawasiliano kati ya Misri na falme za Asia katika karne ya 14 KK, Mfalme Tushrata wa Mitani anamwandikia Farao Amenhotepi wa Tatu kwamba anampelekea sanamu ya mungu wa kike wa Ninawi, ambaye Wahuri, watu wa Mitani, walimwita Shaushka, aheshimiwe huko kwa muda kisha arudishwe kwao. Mungu alisafiri kama mgeni wa heshima, akiwa na barua ya utambulisho.

Njia ya pili ni vita na jeshi. Wamisri walipoitawala Kanaani katika kipindi cha Ufalme Mpya, walileta kwao miungu ya watu waliowafundisha matumizi ya farasi na magari ya vita, na ndiyo maana Astarte wa Misri huchorwa akiwa juu ya farasi akishika silaha. Ya tatu ni kazi ya migodini. Huko Serabit el-Khadim katika Sinai, ambako Wamisri walichimba feruzi na kujenga hekalu la Hathor, mungu wao wa kike mwenye masikio au pembe za ng'ombe, vibarua wa Kisemiti waliandika kwa alama mpya walizozitoa katika picha za Kimisri. Mwanzuoni wa Uingereza Alan Gardiner alipoyachambua maandishi hayo mwaka 1916, maneno ya kwanza aliyoweza kuyasoma yalimtaja Baalat, yaani Bibi au Mwenye enzi, ambalo ndilo jina ambalo Wasemiti walimwitia Hathor. Herufi hizo ndizo chimbuko la alfabeti, kwa hiyo herufi zinazotumiwa leo kuandika Kiswahili na Ekegusii zina ukoo unaorudi kwa wachimba migodi waliokuwa wakimwomba mungu huyo wa kike.

Njia ya nne, iliyokuwa pana kuliko zote, ni biashara ya baharini. Wafoinike wa Tiro na Sidoni walimpeleka Astarte Kupro, ambako alikutana na mungu wa kisiwa hicho ambaye Wagiriki walimwita Afrodite, na mwanahistoria Herodoto katika karne ya 5 KK aliandika kwamba hekalu la Afrodite la Kupro lilitokana na lile la Ashkeloni, mji wa Wafilisti. Katika Karthago, koloni la Tiro lililoko Tunisia ya leo, Tanit alipata cheo kikubwa kuliko Astarte mwenyewe. Huko Pyrgi, bandari ya Waetruski kaskazini mwa Roma, wachimbaji walipata mwaka 1964 mabamba matatu ya dhahabu ya takriban mwaka 500 KK, ambayo kwa Kifoinike yanamtaja Astarte na kwa Kietruski yanamtaja Uni, mungu wa kike aliyelingana na Juno wa Warumi. Mabamba hayo ni ushahidi adimu wa watu wa kale wakitamka wenyewe kwamba mungu wetu ni sawa na wenu, bila kusubiri wataalamu wa zama za leo kuwasemea.

Uarabuni nako miungu ya kike mitatu, Allat, Al-Uzza na Manat, iliheshimiwa hadi ujio wa Uislamu, na Qurani inayataja majina hayo katika Sura An-Najm ikiyakanusha. Sanamu kubwa ya simba iliyosimama katika hekalu la Allat huko Palmira, Siria, ilivunjwa na wapiganaji mwaka 2015 na kukarabatiwa mwaka 2017.

Kinyume cha ushahidi wa aina hiyo ni madai yaliyoenezwa na mhubiri wa Uskoti, Alexander Hislop, ambaye kijitabu chake cha mwaka 1853, kilichopanuliwa mwaka 1858, kilitaka kuthibitisha kwamba karibu kila desturi ya Kanisa Katoliki ilitoka Babeli. Dai lake mashuhuri, kwamba sikukuu ya ufufuko ya Wakristo ni sikukuu ya Ishtar, lilisimama juu ya sauti ya jina la Kiingereza la sikukuu hiyo, ambalo mtawa Beda katika karne ya 8 alilihusisha na mwezi na mungu wa kike wa makabila ya Kijerumani, si wa Babeli. Mataifa mengi ya Kikristo, Waswahili wakiwamo, huiita sikukuu hiyo Pasaka, jina lenye asili ya Kiebrania. Dai hilo halina barua, bamba wala hekalu la kulitegemeza, na linaonyesha jinsi mfanano wa sauti unavyoweza kuwapotosha watu kwa zaidi ya miaka 150.

Jina la Ishtar katika ardhi ya Afrika Mashariki

Kuna mahali pamoja katika upande huu wa Afrika ambapo jina la Ishtar lilifika kweli na kuandikwa juu ya mawe, nako ni nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea. Katika milenia ya kwanza KK, watu wa huko walikuwa na uhusiano wa karibu na falme za Arabia ya Kusini, hasa Saba iliyoko Yemeni ya leo. Hekalu la Yeha, lililojengwa takriban karne ya 7 KK na ambalo kuta zake bado zimesimama, lilikuwa la Almaqah, mungu mkuu wa Saba, na maandishi ya enzi hiyo yanamtaja pia Astar, pamoja na Dhat-Himyam na Dhat-Badan, majina ya heshima yanayohusishwa na mungu wa kike wa jua.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Astar huyo alikuwa wa kiume. Katika Arabia ya Kusini, Athtar alihusishwa na nyota ya Zuhura na maji ya mashamba kama Ishtar, lakini alikuwa mungu dume, na jua ndilo lililokuwa la kike. Karne nyingi baadaye, Mfalme Ezana wa Aksum, katika maandishi yake ya karne ya 4 BK yaliyotangulia kuongoka kwake, alimtaja Astar pamoja na Beher na Meder. Alipokuwa Mkristo aliacha majina hayo na kumshukuru Bwana wa Mbingu. Kwa hiyo hata pale ambapo jina lilivuka Bahari ya Shamu, halikuvuka pamoja na jinsia wala hadithi zake zote. Wenyeji walilipokea walivyotaka wao.

Kusini mwa nyanda hizo ushahidi wa maandishi unakoma, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika zaidi, kwa sababu mifano inayofanana na miungu hiyo ni mingi na inavutia. Wairaqw wa Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, ambao lugha yao ni ya Kikushi, humwita Mungu Looaa, jina ambalo pia ni la jua; Looaa ni wa kike, mwema na mlinzi, akitofautishwa na pepo wa majini waitwao netlaangw. Wamasai, walio majirani wa Abagusii upande wa Trans Mara, humwita Mungu Enkai, jina lenye kiambishi cha kike ambalo pia hutumika kwa mvua na anga, nao hutofautisha Enkai Narok, yaani mweusi aletaye mvua na neema, na Enkai Nanyokie, yaani mwekundu wa ghadhabu. Kwa Wakipsigis, walio majirani upande wa mashariki, Mungu ni Asis, anayehusishwa na jua, na miongoni mwa majina yake mengine ni Cheptalel, lenye kiambishi kile kile kinachoanza majina ya wasichana kama Chepkoech.

Mtu anaweza kushawishika kusema kwamba Shapash wa Ugarit, Dhat-Himyam wa Yemeni, Looaa wa Mbulu na Asis wa Wakipsigis ni mungu mmoja aliyeshuka kusini, hasa kwa kuwa lugha za Kikushi na za Kisemiti ni za jamii kubwa moja iitwayo Kiafro-Asia. Hoja hiyo haisimami. Undugu wa lugha hizo ulianza maelfu mengi ya miaka kabla ya hekalu la kwanza la Inanna kujengwa, na jina la Looaa halina uhusiano unaoonekana na lolote kati ya majina ya Kisemiti. Kinachoweza kutetewa ni jambo dogo lakini imara zaidi: wasemaji wa Kikushi waliishi katika Bonde la Ufa kwa muda mrefu kabla ya Wakalenjin, ambao Wakipsigis ni sehemu yao, lugha za Kalenjin zimebeba maneno mengi ya mkopo kutoka kwao, kama alivyoonyesha mwanahistoria Christopher Ehret, na kwa hiyo mazungumzo ya kidini kati ya majirani hao yanawezekana na yanastahili kuchunguzwa. Huo ni uhusiano wa majirani wa Afrika Mashariki, usiohitaji kupitia Babeli.

Engoro, Nyasae na wanawake wa Kitutu

Abagusii walimwita Mungu Engoro, naye hakuwa na hekalu wala sanamu. Shughuli za kila siku za ibada zilielekezwa zaidi kwa ebirecha, yaani roho za wahenga, ambao walikumbukwa kwa sadaka pale ugonjwa au msiba ulipoingia katika boma. Ekegusii, kama Kiswahili, hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika viambishi vya nafsi, hivyo swali la kama Engoro ni wa kike au wa kiume halikulazimishwa na lugha, tofauti na ilivyo kwa Wamasai au kwa Waebrania. Jina lililoenea zaidi leo makanisani na katika Biblia ya Ekegusii ni Nyasae, linalolingana na Nyasaye wa Wajaluo na wa Waluhya. Mahubiri ya Kiadventista yalifika Kisii yakitokea Gendia, katika nchi ya Wajaluo, na kwa hiyo Abagusii wana mfano wao wenyewe wa jina la Mungu lililoshikamana na majirani na njia za wahubiri, mfano ulio karibu zaidi kuliko ule wa Astarte na Uni.

Mahali ambapo uwezo wa kike ulijidhihirisha wazi katika dini ya Abagusii ni katika watu wenyewe. Robert LeVine na Barbara LeVine, watafiti wa Marekani waliokaa Gusii kati ya mwaka 1955 na 1957, waliandika kwamba abaragori, yaani waaguzi waliofichua chanzo cha ugonjwa na kueleza matakwa ya ebirecha, wengi wao walikuwa wanawake. Kitutu yenyewe, ambayo Mosocho ni sehemu yake, ilimtoa Sakawa, nabii anayekumbukwa kwa kutabiri ujio wa wageni na kuota kwa mji mahali ulipo mji wa Kisii, na ikamtoa Moraa Ng'iti, mwanamke ambaye maneno yake yaliwachochea vijana kupinga utawala wa Waingereza. Mwezi Januari 1908, mmoja wa vijana hao, Otenyo Nyamaterere, alimchoma kwa mkuki ofisa wa Kiingereza, G. A. S. Northcote, na msafara wa adhabu uliofuata uliua watu, ukachoma nyumba na kuchukua mifugo.

Msomaji aliyekwisha kusikia habari za manabii wa kike wa Arbela waliowatia wafalme moyo wa vita atamwona Moraa kama dada yao. Mfanano huo ni wa kweli, lakini unaelezwa vya kutosha na hali zenyewe: jamii inapokuwa hatarini, mwenye sifa ya kusema na walio mbali na macho husikilizwa, awe mume au mke. Kumfanya Moraa kuwa tawi la Ishtar ni kumnyang'anya ardhi aliyoitetea.

Simulizi ya Misri nayo inahitaji kusomwa kwa uangalifu huohuo. William R. Ochieng', katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu historia ya Abagusii kabla ya ukoloni, alikusanya masimulizi ya wazee kuhusu safari ya kutoka Misri, kupitia Mlima Elgon, pwani ya Ziwa Victoria, nyanda za Kano na Kabianga hadi vilima vya sasa. Misri hiyo aliielekeza kaskazini mwa Mlima Elgon, wala si katika nchi ya Mafarao, na lugha ya Ekegusii, iliyo ya Kibantu na ndugu wa karibu wa Kikuria na Kilogoli, inaunga mkono historia ya eneo la maziwa makuu. Kukaa kwao Kabianga, katika nchi ambayo baadaye ilikuwa ya Wakipsigis, na vita na biashara zilizofuata, ndizo njia halisi ambazo mawazo kuhusu jua, mvua na Mungu yangeweza kupitia kati ya majirani.

Kazi iliyobaki, basi, ni ya watu wa Gusii wenyewe. Historia ya Ashtorethi imejulikana kwa sababu kulikuwa na vibao vya udongo, mabamba ya dhahabu na majeneza ya mawe; historia ya Engoro na ya abaragori imehifadhiwa katika vichwa vya wazee, navyo havidumu kama udongo uliochomwa. Walimu wa Mosocho, Marani na Nyakoe, wanafunzi wa historia katika Chuo Kikuu cha Kisii, na makanisa ambayo kumbukumbu zake za mwanzo zinaeleza jinsi jina la Nyasae lilivyopokelewa, wote wana sehemu yao ya kukusanya maneno ya sala, baraka na viapo kama yalivyosemwa, pamoja na jina la aliyesema na mahali aliposemea. Anayetaka kuijua dini ya kale ya Abagusii na aanzie Kitutu, awaulize kisha majirani wa Kipsigis, Maasai, Kuria na Luo, na aende Babeli pale tu atakapokuwa na ushahidi wa kumpeleka huko.